Mota imekubali kuzunguka bila sensa
Baada ya jioni tatu za kuhangaika, mota yangu isiyo na brashi imezunguka bila sensa ya kuonyesha rota (sehemu inayozunguka, yenye sumaku) iko wapi, na tatizo halikuwa pale nilipodhani. Rota ikiwa imesimama haizalishi volteji yoyote kwenye koili, hivyo maikrokontrola haina namna ya kujua sumaku zimeelekea wapi. Inabidi kwanza iivute rota hadi mahali panapojulikana, kisha iiongezee kasi kwa kukisia, mpaka volteji ya waya usiopitishiwa umeme isomeke. Nilikuwa naongeza kasi haraka mno, rota ikaachwa nyuma, ikabaki kutetemeka na kuvuma kama nyuki aliyenaswa chupani.

Nilipotuliza mwanzo huo ilizunguka, ila ilikwama kila nilipoongeza mzigo. Oskiloskopu, kifaa kinachochora volteji kwenye skrini, ndiyo iliyoniumbua: nilikuwa nasoma volteji mara tu baada ya transista (swichi zinazopeleka umeme kwenye koili) kubadilishana, wakati koili iliyoachwa bado inamalizia mkondo wake, na programu ikauchukulia mwiba huo wa volteji kuwa ishara ya rota. Sasa inapuuza mwanzo wa kila hatua (kila badiliko la transista), inasoma katikati ya mpigo wa umeme, na volteji inapovuka sifuri inasubiri digrii 30 za umeme (nusu ya hatua moja) kabla ya kuhamia hatua inayofuata. Kwa jozi 7 za ncha za sumaku, kila jozi ikiwa na hatua 6, hizo ni hatua 42 kila mzunguko, na haikosi hata moja.