Mlango wa bunju: dumu, mbaazi na sumaku ya spika

Bomba la kwanza limeanza kufanya kazi. Kwa mgeni wa mradi huu: natengeneza mfano wa mlango wa sodiamu, ile protini iliyopenya utando wa seli za neva na misuli, ili nioneshe kwa nini bunju, samaki yule anayejivimbisha, hafi kwa sumu aliyoibeba mwenyewe. Watazamaji ni klabu ya sayansi hapa Mikindani, watoto wanaomjua bunju kuliko mimi, maana wakimkuta kwenye juya humchokoza mpaka avimbe.

Dumu la maji limekatwa kitako na kupinduliwa, shingoni nimeunga bomba. Mbaazi ndizo ayoni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazopita mlangoni. Nilifikiria korosho, Mtwara hii bwana, ila zingeliwa kabla ya onyesho. Mbaazi zikiteremka, neva inapeleka ujumbe na msuli unajikunja. Sumu, yaani tetrodotoksini, ni kipande cha ndala chenye nati ya chuma tumboni. Mlangoni nimeweka sumaku ya duara iliyotoka kwenye spika iliyokufa. Ukitikisa dumu, ndala inatua mlangoni, inanasa, mbaazi zinasimama. Huyo ni binadamu aliyekula maini ya bunju: midomo inakufa ganzi, misuli inalegea, mwisho ile ya kupumulia nayo inagoma. Kupika hakusaidii, sumu hii haivunjwi na moto wa jikoni.

Sasa mlango wa bunju. Fundi redio aliyenipa sumaku alishauri nitoboe tundu kubwa zaidi, mambo yaishe. Nimekataa, kwa sababu kisa chenyewe hakiko hivyo. Mlango wa sodiamu wa misuli yetu umeundwa kwa asidi amino, vile vipande vya kujengea protini, zaidi ya 1,800, na mdomoni pake kuna moja, tirosini, ambayo sumu huishikilia barabara. Kwa bunju wa jamii ya fugu, mahali hapohapo pana asidi amino nyingine, asparajini. Tundu linabaki tundu lilelile, ila sumu imekosa pa kushika. Kwa hiyo nimechonga duara la mti lenye tundu sawa na la sumaku, nikabadilisha. Ndala ileile, nati ileile: unatikisa, inaelea juu ya mbaazi na mbaazi zinaendelea kumwagika. Nimelirudia mara nyingi kwa raha tu.

Jambo lililonichelewesha zaidi ni moyo. Mlango wa sodiamu wa misuli ya moyo wa binadamu, mahali pale pale, hauna tirosini bali sisteini, na ndiyo maana unaivumilia tetrodotoksini kuliko milango ya misuli mingine. Mtu aliyelishwa bunju anaweza kuwa amepooza kifua, hapumui, na moyo bado unadunda. Dawa ya kuiua sumu hakuna. Hospitali humsaidia kupumua mpaka mwili uitoe. Nataka watoto waone kwamba badiliko linalomwokoa bunju lina ndugu yake vifuani mwetu, ila mahali pasipotosha kutuokoa. Bomba la moyo litapakwa rangi nyekundu.

Pale Feri mzee mmoja muuza samaki aliniuliza, "Mwanangu, sasa mtu akionja kidogo kidogo si atazoea?" Hapana, mzee wangu. Sumu ya bunju hutengenezwa na bakteria, inampata kupitia chakula, ndiyo maana wanaofugwa kwa chakula kisicho nayo huwa hawana sumu. Kinga ni habari nyingine, imeandikwa kwenye jeni na inatoka kwa wazazi. Mababu waliozaliwa na mlango wenye hitilafu kidogo waliweza kula vyakula vyenye sumu na kuzaa, wenzao wakaishia njiani. Kuonja hakubadilishi mlango uliozaliwa nao. Alicheka, akasema basi yeye atabaki na changu wake.

Kuna ugumu mwingine ambao bado sijaujengea. Samaki wengi wenye mifupa wana jeni nane za milango hii, kwa misuli na neva mbalimbali. Ukiponya mlango wa msuli ukaacha wa ubongo, umefanya nusu kazi. Kwa bunju mabadiliko yametokea kwenye jeni kadhaa, kila moja kwa wakati wake. Ningependa mabomba manane yapangwe mstari mmoja, lakini dumu ni moja na mbaazi zimepanda bei.

Halafu hakuna badiliko la bure. Chura mmoja mdogo wa Ekwado, anayebeba epibatidini, ana badiliko moja kwenye kipokezi cha neva, yaani protini inayopokea ujumbe, linaloizuia sumu hiyo, ila linapunguza pia usikivu wa kipokezi kwa ujumbe halali wa mwili. Ikabidi yafuate mabadiliko mengine ya kurekebisha. Hili sijui nilioneshe kwa mbaazi namna gani, nadhani nitalisema kwa mdomo.

Kinachofuata ni meza ya swila na nyegere. Swila amejikinga na sumu yake kwa mnyororo wa sukari unaoziba kipokezi, na nguchiro naye anatumia ujanja uleule. Hapo nitabandika makumbi ya nazi. Nyegere, kwenye kipokezi chake, ameweka asidi amino iitwayo arijinini, yenye chaji chanya, inayoifukuza sumu ya swila yenye chaji kama yake. Hapo nati haitafaa, kwa kuwa sumaku huivuta tu, haiisukumi. Nahitaji sumaku ndogo ndani ya ndala, kisha nigeuze ile kubwa zitazamane uso wa aina moja. Fundi anasema spika za simu mbovu zinazo, nipite Jumamosi kabla hajaziuza kwa wa vyuma chakavu.