Pindo, mji na jina

Mwishoni mwa 2023 niliibiwa simu stendi ya Mtwara mjini, mkono mmoja nimeshika mfuko wa ming'oko, mwingine nauli ya daladala ya Mikindani. Simu nyingine nilinunua baada ya mwezi. Akaunti niliyokuwa naweka michoro yangu ndiyo haikurudi: nywila nilikuwa nimeiachia simu inikumbukie, barua pepe niliyofungulia nilishaisahau, na kila nilipoomba msaada nilijibiwa na mashine. Michoro 140 ikaenda na maji. Nililia, sisemi uongo.

Siku ya tatu nikakaa barazani na daftari niorodheshe nilichopoteza, nia yangu nikichore upya. Nikafika sita, kalamu ikagoma. Mingine ama sikuikumbuka, ama niliikumbuka nikaona haya. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, nimelichora mara nyingi kuliko nilivyopanda ngazi zake, kisa wageni wanalipenda. Na mchoro uliopata laiki nyingi kuliko yote ulikuwa jua jekundu likizama baharini, mnazi pembeni, dau mbele. Pwani yetu inatazama mashariki! Jua la Mtwara linachomoza baharini na kwenda kuzama bara, nyuma ya mikorosho. Nimezaliwa hapa, na nimekaa miaka nikichora bahari ya watu wengine.

Ile sita yote ilikuwa kanga. Mimi nikiudhiwa sijibu, natunga jina la kanga. Naliandika kwa herufi kubwa nyuma ya risiti, kisha nalizungushia mji, ule mchoro wa katikati, na pindo. Kwenye akaunti ile kanga zangu zilipata laiki tatu tatu, moja ya mama. Ndizo nilizolilia.

Nafanya kazi steshenari: kutoa kopi, kuskani vyeti, kupiga chapa barua za maombi. Bosi alinikubalia nibaki na kompyuta hadi magharibi. Mtoto wa kaka yangu, anayesomea kompyuta chuoni, alikuwa likizo, akaja kunionyesha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni, nijijengee pangu mwenyewe.

"Shangazi, hili ni faili la maandishi tu. Unaandika, unahifadhi, unalifungua. Ukurasa una kichwa na mwili, na ukitaka unauwekea mpaka pande zote."

"Pande zote nne?"

"Zote."

"Sasa hiyo si kanga?"

Alicheka, mimi sikucheka. Kanga ina pindo, mji na jina, na nilivijua vitu hivyo kabla ya kujua kusoma. Pindo likawa mpaka wa ukurasa, nene. Mji ukawa mchoro mmoja katikati, usizidi. Chini yake kisanduku chembamba chenye jina. Na kwa kuwa kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kila ukurasa nikaupa pacha wake: ukibofya jina unakuta mchoro uleule, ila mahali pa jina pana kisa kilichonifanya nilitunge.

Kijana alitaka kuongeza kihesabio cha wageni na kitufe cha laiki. Nikakataa.

"Sasa utajuaje kama watu wamependa?"

"Sitajua." Kitufe hicho ndicho kilichonizamishia jua baharini.

Kilichonitesa wiki mbili ni uzito wa picha. Nachora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi ya A4, naskani palepale kazini, na mwanzoni nilikuwa naskani kwa rangi: faili moja megabaiti tano. Mama akafungua nyumbani kwa bando lake la siku, akangoja, akaweka simu chini akaenda kuinjika chai. Nikabadilisha nikaskani nyeusi na nyeupe tupu, nikapunguza upana hadi pikseli 800, faili likashuka chini ya kilobaiti 50. Nyekundu niliililia kidogo. Halafu nikagundua pindo halihitaji picha hata kidogo, rangi yake unaiandika: alama ya reli na tarakimu sita, basi. Pindo jekundu kwa herufi saba! Sijawahi kununua rangi rahisi hivyo.

Visa vya pacha vilikuwa kazi nyingine. Cha kwanza nilikianza hivi: "Kanga ni vazi lenye historia ndefu katika mwambao wetu." Nikamsomea mama akiwa anamenya muhogo. Hakunyanyua kichwa.

"Hapo unamwambia nani?"

Nikafuta. Nikaandika habari ya bwana aliyekuja kunichumbia msimu wa korosho, mwezi wa kumi na moja, fedha za mnada bado za moto mfukoni, akaniuliza nataka kiasi gani kana kwamba naye amekuja na mizani. Jina lake: KOROSHO NENDA GHALANI, MOYO WANGU HAUPIMWI. Hapo mama akaacha muhogo.

Mafaili yote yako kwenye flashi mbili, moja kazini na moja kwenye kopo la sukari. Kijana alinisimulia habari za GeoCities, tovuti iliyogawa nafasi za bure mtandaoni, iliyoanza 1994, watu wakajenga humo kurasa kwa mamilioni, na 2009 ikafungwa. Nami nafasi yangu ni ya bure, siku yoyote mwenyewe anaweza kufunga mlango. Nitahamia kwingine na mizigo yangu. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima, mimi nilikuwa steshenari nafungua kanga zangu kutoka kwenye flashi kama kawaida, nikatengeneza na nyingine mbili.

Sasa nije kwa wifi yangu, mama yake yule kijana. Alikula futari kwetu sahani mbili, akatoka akasema pweza alizidi chumvi. Nikatunga: UMEKULA UKASHIBA, CHUMVI WAISEMA NINI. Mwanawe akamwonyesha, mbea mkubwa.

"Wifi, ile chumvi ni mimi?"

"Wala, wifi. Kanga haitaji mtu."

Ijumaa iliyofuata akaja amejifunga kanga mpya, akawa anapita barazani huku na huku mpaka nikalisoma jina lote mgongoni: MSO HILI ANA LILE. Nikamwomba asimame nimchore. Akasimama, ameupa uso ukuta.

"Pindo usilikosee," akasema. "Na kile kisa cha pacha nitakiandika mwenyewe."

Nikamwambia hapo hapana, ajenge kwake. Mwanawe si anajua HTML.