Siku moja maishani mwangu: betri pacha za vepu, saa kwa saa

Duka liko Leicester, Uingereza, na sehemu yangu ni meza ya nyuma: betri, chaja na vifaa vilivyogoma. Wengi wanaofika hapo wana modi, yaani mwili wa sigara ya kielektroniki (vepu) unaobeba betri, za betri mbili za 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Naandika kwa ajili ya wenzetu wenye modi kama hizo walioko mbali na meza ya aina hii. Neno ninalorudia kutwa ni hili: betri mbili za modi moja ni kitu kimoja. Zinanunuliwa siku moja, zinachajiwa pamoja, zinatumika pamoja, na zinatupwa pamoja.

Saa 2:30 asubuhi

Chaja zinawashwa sasa, wala si jana usiku. Hapa hakuna betri inayochajiwa duka likiwa halina mtu. Chaja zimekaa juu ya kigae, mbali na maboksi, na kitambua moshi kiko juu yake.

Ni Januari, na kasha nililotoa kwenye gari limepoa kama barafu. Betri hizo nazipumzisha mezani saa nzima kabla ya kuzigusisha chaja. Ukichaji betri ya lithiamu ikiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu haiingii ndani ya grafiti, kaboni ya upande hasi wa betri, inavyotakiwa. Inajipaka juu yake ikiwa metali tupu, na madhara hayo hayarudi nyuma. Walioko Mombasa au Dar shida yao ni ya upande wa pili, yaani modi kuachwa kwenye dashibodi ya gari mchana. Joto huizeesha betri hata ikiwa haitumiki, na iliyojaa chaji huzeeka haraka zaidi.

Saa 3:30 asubuhi

Mzigo mpya umefika, na sasa nazioanisha. Kwanza mizani. Betri halali ya 18650 ya nguvu huwa na gramu 44 hadi 48. Ukikuta ya gramu 30 na kitu, imeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa) kwa herufi kubwa, iweke pembeni. Betri ya ukubwa huu haifiki hata nusu ya namba hiyo. Kisha nasoma aina yake. Samsung 25R ni 2500 mAh na ampea 20, yaani mkondo inaoweza kuutoa mfululizo. LG HG2 ni 3000 mAh na ampea 20. Samsung 30Q ni 3000 mAh na ampea 15. Panasonic NCR18650B ina zaidi ya 3300 mAh lakini haijatengenezwa kwa kazi hii, maana ampea zake hazifiki hata 10. Wanunuzi wengi hutazama mAh tu, na hapo ndipo wanapokosea. Kwenye vepu tazama ampea kwanza.

Kisha mita ya kupimia volti. Mpya hufika zikiwa kwenye volti 3.5 au 3.6 hivi. Nachukua mbili za toleo moja ambazo hazijapishana zaidi ya volti 0.01, na zenye ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyouzuia mkondo, unaokaribiana. Ukinzani naupima kwenye tundu moja la chaja, mara tatu kila betri, kwa sababu chemchemi ya tundu lenyewe inaongeza chake na kila tundu lina wake.

Zikikubali, naandika kwa kalamu isiyofutika: 14A na 14B, yaani jozi namba 14, betri A na betri B, kisha mwezi na mwaka. Kila jozi inapata kasha lake la plastiki.

Saa 4:00 asubuhi

Dada mmoja wa Mombasa anaingia na modi mkononi. Alikuja juzi, akilalamika kwamba chaji inaisha kabla ya jioni.

"Kaka, nimefanya ulivyoniambia. Nimezibadilisha nafasi, A nimeiweka kulia, B kushoto."

"Ahsante dada. Umetumia mpaka wapi?"

"Mpaka ikaandika betri ziko chini. Sijaichaji."

Juzi B ilikuwa kulia, ikawa ndiyo ya chini. Leo B imekaa kushoto. Napima: A ni 3.52, B ni 3.37. Tofauti imeifuata betri, haikubaki kwenye nafasi. Ingebaki kulia, ningefungua modi nitazame pini iliyochafuka, chemchemi iliyolegea au saketi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote zaidi ya mita ya bei ndogo, na kinamwokolea mtu pesa ya kununua modi mpya wakati ugonjwa uko kwenye betri, au kinyume chake.

Kwa nini pengo la 0.15 linanitia wasiwasi? Katika modi nyingi za aina hii betri mbili zimeunganishwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na ampea zilezile zinapita zote mbili. Dhaifu haina pa kupumzika. Inafika chini mapema, na nzima inaendelea kuisukuma. Modi inayosoma jumla tu ikiona 6.4 inadhani kila betri iko 3.2, kumbe moja ni 3.6 na nyingine 2.8. Ikishuka chini sana kupita kikomo chake cha volti 2.5, shaba ya karatasi ya ndani huweza kuanza kuyeyuka. Ukija kuichaji, shaba hiyo hujijenga mahali pasipo pake, na hapo ndipo shoti ya ndani inapozaliwa. Ikilazimishwa zaidi, chanya na hasi hugeukiana.

Wakati wa kuchaji hatari inarudi kwa mlango mwingine. Modi isiyosawazisha inapeleka 8.4 kwa pamoja: moja ikiwa 4.1, nyingine inasukumwa 4.3, na kikomo ni 4.2. Ndiyo maana nasisitiza chaja ya nje yenye tundu la kila betri.

Namwachia risiti, nazipachika zote mbili kwenye chaja kwa ampea 1. Ampea 2 betri hizi nyingi zinazimudu, ila zinapata joto zaidi, na hapa hatuna haraka.

Saa 5:30 asubuhi

Kijana anataka kujua kama modi yake ya wati 200 itatoa wati 200 kweli. Hesabu tunaifanya kwenye karatasi. Chukua wati, gawa kwa 6.4, ambayo ni betri mbili zikiwa zimechoka kwenye 3.2 kila moja. Gawa tena kwa 0.9, kwa kuwa saketi nayo inakula kama asilimia 10.

Wati 80 zinadai ampea 14 hivi kwa kila betri. Wati 100 zinadai 17.4. Wati 150 zinadai 26, na wati 200 zinakaribia 35. Kwa jozi ya ampea 20, mwisho wa usalama ni wati 100 na kidogo. Maandishi ya kwenye boksi hayabadilishi hesabu hii. Anauliza kuhusu omu (ukinzani) za koili, ule waya unaopata moto ndani ya vepu. Kwenye modi yenye saketi, koili haiiamulii betri ampea. Wati ndizo zinazoamua. Tena kadiri betri inavyoshuka ndivyo ampea zinavyopanda kwa wati zilezile, kwa hiyo mateso makubwa yako asilimia 20 za mwisho. Ukichaji ukiwa bado na 3.5, unazirefushia maisha zote mbili.

Saa 6:15 mchana

Kubadilisha maganda, yaani plastiki nyembamba inayoivika betri. Hapa nawaomba mtazame kwa karibu.

Shika betri usimamishe kichwa juu. Watu hudhani nusu ya juu ni chanya. Si kweli. Kopo lote, yaani mwili wa chuma wa betri, ni hasi, kuanzia kitako, ubavu mzima, hadi bega linalozunguka kichwa. Chanya ni kile kitufe cha katikati tu. Kati ya kitufe na bega pana nafasi ya milimita chache, na kinachozitenganisha ni pete nyembamba ya kuhami pamoja na ukingo wa ganda uliokunjwa juu yake. Ganda likichanika hapo, na modi ni ya chuma, una shoti isiyopita kwenye fyuzi wala saketi yoyote.

Jozi iliyo mbele yangu imechanika begani, A na B, mahali pamoja. Sababu ni ukingo wa mlango wa betri: mwenye modi huzisukuma kwa nguvu na kuzichomoa kwa ukucha badala ya kuvuta utepe wa kutolea betri. Nachana ganda la zamani kuanzia kitakoni kwa ukingo wa plastiki, kamwe si kisu. Nakagua kopo: kutu, kubonyea, alama ya kuvuja. Kopo lililobonyea halivalishwi ganda jipya, linatolewa kazini. Naweka pete mpya, navalisha ganda la upana wa milimita 30 likiwa limelala bapa, urefu wa 72 hivi, ili libaki kidogo juu na chini. Mashine ya kukaushia nywele inatosha. Naizungusha betri huku napuliza kwa sekunde chache, natoa moto mara ganda linaposhika. Likikunja sawasawa kichwani na kitakoni, nairudishia alama yake palepale. Wengi husahau hili, na ganda jipya linafuta kumbukumbu ya nani ni pacha wa nani.

Saa 7:45 mchana

Jozi ya yule dada imejaa tangu saa 7 na imepumzika. A 4.18, B 4.16. Zikiwa zimejaa zinafanana, na hili huwadanganya wengi: hupima baada ya kuchaji, wakaridhika. Udhaifu unaonekana mwishoni mwa chaji, si mwanzoni. Ukinzani wenyewe umeshasema kitu, A ni miliomu (elfu moja ya omu) 21, B ni 34. Naziweka kwenye chaja inayopima ujazo, zimwage chaji kwa ampea 1 hadi volti 2.8.

Wakati zinamwagika, ujumbe wa mtu anayesafiri kesho kwenda nyumbani. Modi na betri za akiba zinapanda nawe ndani ya ndege, kwenye mzigo wa mkononi. Kwenye begi linaloenda chini haziruhusiwi. Kila betri iwe kwenye kasha. Funguo na sarafu mfukoni zimeunguza mapaja ya watu wengi. Usichaji ukiwa ndani ya ndege. Na ajue sheria ya anakopita: Uganda, kwa mfano, sheria yake ya tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza na kuuza vifaa hivi.

Za kuacha nyumbani azishushe hadi 3.6 au 3.7, aziweke mahali pakavu na baridi ya kawaida.

Saa 9:36 alasiri

B imefika 2.8. Ilitoa 1850 mAh. A bado inaendelea.

Saa 10:02 jioni

A imemaliza, 2290. Zote zilizaliwa na 2500. Kikomo changu ni asilimia 80, yaani 2000. A ina 92, B ina 74. Dakika 26 zile ndizo ambazo A ingekuwa inaisukuma B chini ya sakafu, kila siku, ndani ya mkono wa mtu.

Saa 11:15 jioni

Dada amerudi. Namwonyesha namba mbili.

"Sasa hii A si nzima? Nikiipatia mwenzake mpya?"

"Hapana dada. Mpya itakuwa na 2500 na ukinzani mdogo. Hii A ndiyo itakayokuwa dhaifu, na utarudi kwangu kwa ugonjwa uleule."

Anauliza kama inafaa kwa tochi yake ya betri moja. Hapo inafaa, mradi ganda ni zima na haipati joto ikichajiwa, ila iandikwe wazi isirudi kwenye modi. Anafikiri kidogo, kisha anaisukuma kwangu pamoja na mwenzake. Anachukua jozi namba 14, ile ya asubuhi, na ninampa mazoea mawili: kubadilishana nafasi kila anapochaji, na kupima zote mbili mara moja kwa mwezi zikiwa zimeshuka. Pengo likipita 0.1, azilete.

Saa 12:00 jioni

Chaja zimezimwa na kuchomolewa. Jozi ya zamani tayari imemwagika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuingia kwenye pipa la kurejeleza. Utepe wa plastiki kichwani na kitakoni mwa A, kisha B, na utepe mmoja wa tatu unaozifunga pamoja.