Zamu ya mchezo nikiwa na mimba ya miezi nane

Ilikua 2018, mimba yangu ya kwanza, miezi nane. Tunakaa Buguruni, Dar, chumba kimoja cha kupanga, mume wangu fundi vigae na saiti ilikua imesimama, tajiri hajalipa. Kliniki wakanipa list ya vitu vya kwenda navyo kujifungua: glavu, pamba, nyembe, kibana kitovu, mpira wa kulalia, beseni na khanga. Usiku tukavunja kibubu, tukakuta 43,500, karibu zote sarafu, mume wangu akazihesabu mara mbili halafu akanyamaza.

Nilikua nacheza mchezo wa hela na wamama wa mtaani, tuko 12, kila mtu anatoa elfu 10 kila Jumapili anapewa mmoja kwa zamu, zamu yangu ya 11 yani mtoto angekua ashazaliwa. Nikamfata kijumbe, yule anayekusanya hela na kupanga zamu, anibadilishie, akasema mi siwezi kumtoa mtu kwenye zamu yake, nenda kaongee nae mwenyewe. Wiki ile ya tatu ilikua zamu ya mama mmoja muuza maandazi, tulikua tunasalimiana tu basi. Nikakaa pale kwenye kigoda muda mrefu, maneno hayatoki, mpaka yeye ndo akaniuliza, "Mwanangu, una miezi mingapi?" Nikamweleza yote. Akageuza maandazi yake akasema chukua wewe, mi unga wa kesho ninao. Nililia pale pale wateja wakiangalia.

Jumatatu saa 12 asubuhi nipo Karume, soko la mitumba, na wifi yangu, hiyo kabla soko halijaungua Januari 2022. Nguo za watoto lazima uwahi belo likifunguliwa maana wachuuzi wanachambua zile kali mwanzoni kabisa, zinazobaki ndo zinamwagwa chini kwa bei ya kutupa. Wifi anajua kuchagua jamani, anavuta lastiki, anageuza ndani kutafuta doa, anakagua vifungo kimoja kimoja. Tukatoka na nguo 14, kofia, soksi, na blanketi zito la rangi ya maziwa ambalo mpaka leo ninalo. Vya kwenye list tukanunua vyote.

Nepi hatukununua. Mama mkwe alituma khanga zake kuukuu kwa basi kutoka Tanga, khanga mpya ni ngumu na hainyonyi maji vizuri, ile iliyofuliwa miaka ndo laini kwa ngozi ya mtoto. Tukakata vipande 16, tukachemsha kila kitu, tukaanika, tukapiga pasi ya mkaa pande zote mbili, mume wangu akawa anapanga kwenye beseni huku anasoma list kwa sauti.

Zamu ya 11 ilipofika nilikua bado ndani, sijatimiza arobaini, mume wangu ndo akampelekea yule mama hela yake. Akarudi na mfuko wa maandazi ya moto, kaambiwa mzazi ale na chai ya maziwa, mtoto apate kunyonya ashibe.