Siku moja na kichupa cha maikrolita 100

Saa 12:30 asubuhi jirani yangu ananisimamisha getini. Anataka nimpimie malaria mtoto wake "huko maabara kwenu". Namwelekeza zahanati, namweleza tena kwamba maabara ninayofanyia kazi hapa Morogoro haipokei wagonjwa. Tunashughulika na magonjwa ya mifugo, na kazi yangu mimi ni kutafuta sumu za bakteria. Anaitikia "haya", lakini naona hajaelewa. Nimekuwa mteknolojia wa maabara kwa miaka 11 na hata ndugu zangu wanadhani nashinda napima mkojo. Basi leo naiandika siku yangu ilivyokuwa.

Saa 1:30 nafungua maabara. Kabla ya kuvaa koti nasoma joto la majokofu na kuliandika daftarini: friza nyuzi 20 chini ya sifuri, jokofu nyuzi 4. Umeme ukikatika usiku, hapo ndipo ninapojua. Leo uko salama.

Ndani ya friza ile kuna mali yetu kubwa, na ukiitazama utadhani ni tone la maji. Ni kingamwili ya sungura, protini ya kinga ya mwili, inayoitambua alfa-toksini, sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye sisi tunamwita stafu kwa mkato. Ndiye anayeleta usaha kwenye jipu la mtu, na ndiye mmoja wa wanaoharibu kiwele cha ng'ombe wa maziwa. Sumu yake hutoka ikiwa vipande vidogo vidogo. Vipande saba hukutana juu ya ngozi ya seli, hushikana duara kama pete, kisha hutoboa. Tundu likishafunguka, vilivyomo ndani huvuja, maji huingia, na seli hufa. Chembe nyekundu za damu ya sungura hupasuka haraka sana zikikutana nayo.

Kingamwili yetu ilifika kutoka ng'ambo baada ya wiki nyingi za kusubiri, kichupa kimoja cha maikrolita 100. Natumia maikrolita 5 kwa kila kipimo, nikizichanganya kwenye mililita 10 za bafa, maji yenye chumvi maalumu. Hesabu ni matumizi 20, basi. Niliigawa siku ileile kwenye vichupa vidogo, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara kunaiua nguvu. Kwenye mlango wa friza nimebandika karatasi ya kuhesabia. Asubuhi hii inasoma maikrolita 65.

Saa 2:30 anafika kijana wa shahada ya uzamili mwenye sampuli. Ameotesha stafu saba kutoka kwenye maziwa ya ng'ombe wagonjwa, na anataka kujua ni wangapi wanaotoa sumu. Ana haraka, msimamizi wake anataka picha leo. Tunachemsha sampuli kwa dakika 5 kwenye nyuzi 95. Hapo namkazania, maana ile pete ya vipande saba ni ngumu, isipochemshwa haiachani na utaikuta imekwama juu kabisa ya jeli. Napakia jeli mbili zinazofanana: kipimio cha ukubwa, sumu safi, stafu aliyeondolewa jeni ya sumu, kisha sampuli zake saba. Jeli inakimbia kwa umeme, protini zinajipanga kwa ukubwa, ndogo chini, kisha zinahamishiwa kwenye utando, utando unalowekwa kwenye maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili kingamwili isinate ovyo. Kingamwili ya kwanza, ile ya sungura, saa nzima, kuosha mara tatu, kingamwili ya pili, inayoishika ya kwanza ili ionekane, saa nzima, kuosha tena. Utando wa pili naufunika, unakaa ndani ya bafa yake kwenye jokofu. Kila mara natengeneza wa akiba, na kila mara naulizwa kwa nini napoteza vifaa. Chakula cha mchana ni wali maharage wa mama lishe, nimeula nimesimama, saa ya kuhesabia ikiwa mfukoni.

Saa 10 jioni picha inatokea kwenye kamera. Kijana anaruka. "Zote saba, Mama! Zote zina bendi!"

Naangalia na mimi. Kweli, kila sampuli ina bendi, yaani mstari, nzito nyeusi. Lakini alfa-toksini ina kilodaltoni 33, kipimo cha uzito wa protini, na bendi hii imekaa juu zaidi, karibu na 50. Ile sumu safi imetulia chini, mahali pake. Halafu naangalia njia ya stafu asiye na jeni ya sumu. Naye ana bendi ileile ya juu. Huyu hawezi kutoa sumu hata akitaka.

Namwonesha. Ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Lakini Mama, si bendi ni bendi? Msimamizi ataangalia picha tu."

Nakiri maneno yale yaliniuma. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, mgongo unawaka, na daladala za saa 11 ndizo zinazonifikisha nyumbani kabla watoto hawajala. Ingekuwa rahisi kusaini.

Nilivuta kiti nikamweleza. Stafu ana protini nyingine kwenye ukuta wake, protini A, na kazi yake ni kuzikamata kingamwili kwa mkia. Kingamwili ina mikono ya kushika adui na mkia wa nyuma. Protini A haijali mikono inamtafuta nani, inadaka mkia tu. Na mkia wa kingamwili ya sungura inaupenda sana. Kwa hiyo tunaposema "tumeiona sumu", huenda tumeona bakteria amemshika askari wetu mgongoni.

"Sasa tutajuaje?" akauliza. Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Nikautoa utando wa pili. Safari hii sikugusa kingamwili yetu. Nilitumia seramu, maji ya damu, ya sungura ambaye hajawahi kuchanjwa kwa sumu hii, kwa kiwango kilekile. Kama bendi ya juu ni sumu, itapotea. Kama ni protini A, itabaki.

Kisha kungoja. Saa moja, kuosha, saa moja, kuosha. Giza likaingia, mlinzi akachungulia, "Bado mpo?" Kijana alikuwa amenuna, akinihesabia dakika. Ndipo nikamsimulia Bundaberg, mji wa Queensland kule Australia. Januari 1928 watoto 21 walichomwa chanjo ya dondakoo kutoka kwenye chupa iliyoingiwa na stafu, haikuwa na dawa ya kuzuia vijidudu. Watoto 12 walikufa. Mwanasayansi wa Australia, Macfarlane Burnet, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia uchunguzi wa maabara, na kazi ile ndiyo iliyowafanya watu waitazame sumu ya stafu kwa uzito. Nikamwambia, mwanangu, kitu hiki tunachokitafuta kina makaburi. Aliweka simu chini. Hakuniuliza saa tena.

Sikuangalia ukutani ni saa ngapi picha ya pili ilipotoka. Bendi ya juu ilikuwa palepale, nzito vilevile, kwa sampuli zote na kwa stafu asiye na jeni. Chini, kwenye 33, hapakuwa na kitu. Tukairudia picha ya kwanza, tukaikuza, tukasoma mstari wa 33 peke yake tukiufuata kwa rula kuanzia kwenye sumu safi. Bendi hafifu lakini safi: sampuli ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya saba. Nne.

Alifuta ile "7" aliyokuwa ameshaiandika, akaandika "4", akaongeza mwenyewe maelezo ya protini A. Tulisaini wote wawili. Akaniuliza kama kesho anaweza kuja kuotesha tena zile tatu, kwani huenda hazikupata muda wa kutosha kutoa sumu. Nikamwambia aje saa 1:30.

Niliosha trei, nikazima mashine, nikarudi kwenye mlango wa friza. Nikakata 65, nikaandika 60. Bodaboda alinifikisha nyumbani watoto wameshalala, chakula changu kimefunikwa mezani.