Siku yangu mwaloni: magamba, bondo na kesi ya kamongo

Saa kumi na moja alfajiri nipo mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, na ndoo, visu viwili na kijiti changu kilichopigiliwa vizibo vya soda. Watu wakisikia naparua samaki wanaona ni kazi ya aliyeshindwa maisha. Haya. Lakini nifunulie matamvua tu, nitakwambia sato katoka majini leo au kalala kwenye barafu.

Saa kumi na mbili hadi saa tatu ni kuparua tu. Mama ntilie kwanza, moto wao hausubiri.

Saa tatu na nusu akaja mzee wa koti na sato wanne. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anakata kamongo, yule mrefu kama nyoka. Mzee akatema mate pembeni. "Huyo nyoka mnamuuza kama samaki?"

Ningenyamaza, foleni ilikuwa ndefu. Ila haya mambo siyawezi. "Babu, kamongo ni samaki."

"Samaki gani anakufa maji?"

Hapo hajakosea. Kamongo mkubwa akinaswa wavuni huko chini, asipate kupanda juu kuvuta hewa, anakufa. Ana mapafu. Mzee akanirukia: "Na nyangumi anavuta hewa, mbona shuleni wanasema si samaki?" Bodaboda mmoja akadakia: "Basi na popo ni ndege!" Watu wakajaa. Foleni ikawa baraza.

Nilikuwa nampasua sangara wa mteja mwingine, nikatoa bondo, kile kifuko cheupe kinachoteleza, wanunuzi wanakigombania kuliko minofu mpaka kinafika China. Nikalinyanyua. "Babu, hili linamsaidia sangara kuelea. Mapafu ya kamongo asili yake ni moja na hili. Nyangumi ananyonyesha. Kamongo anataga, ana matamvua, ana magamba." Akataka kuyaona hayo magamba. Mwenzangu akakwangua ngozi kwa ncha ya kisu, yakatoka madogo kama pumba.

Ningeishia hapo. Nikaongeza: "Na kiukoo, kamongo yuko karibu na wewe kuliko na sato."

Lo! "Mimi? Ndugu yangu kamongo?" Nikaanza kueleza kwamba wanyama wote wa miguu minne, na sisi humo, tumetokana na samaki wa ukoo wake, hanisikii. Akaweka dau la soda, akampigia mkwewe anayefundisha bayolojia, sauti juu, soko zima linasikia. "Ni kweli, baba." Mzee akatazama simu. "Mtandao mbovu," akakata. Kisha akataka nimpunguzie, eti sato wake wamecheleweshwa!

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Jua, nzi, mgongo. Mwiba wa sangara ukaniingia kwenye kidole gumba. Kuna kijana wa Kigoma alinichokoza kwamba dagaa wetu wa Ziwa Victoria si dagaa. Jibu ninalo: wa kwao ni wa jamii ya heringi, wa kwetu ni ukoo mwingine kabisa, jina tu ndilo moja. Kwa hiyo yupo sahihi na hayupo. Mdomo ukakataa kufunguka. Nikamparulia, akaenda.

Nyumbani nimesugua mikono kwa limau mara tatu, harufu ipo palepale. Simu ikalia, ni mwenzangu: mzee alibaki kwenye kahawa mpaka jioni, kasema kesho anakuja na hoja ya mkunga, yule samaki mwenye umbo la nyoka.

Nimemjibu aje na soda yangu kwanza.