Taa za WS2812B zilikuwa zinapepesa kwenye Raspberry Pi 4: jinsi nilivyotatua

Hatimaye zimetulia! Nilifunga utepe wa taa 60 za WS2812B (LED za rangi zinazopokea amri kwa waya mmoja wa data) kwenye dirisha la saluni ya dada yangu, mtaani Umoja, Nairobi, nikiziendesha kwa Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, kupitia SPI (njia yake ya kutuma data), waya wa data ukiwa pini ya 19. Programu ikianza, rangi ni sawasawa. Bodi ikitulia kidogo, nyekundu inageuka zambarau na taa za mwisho zinapepesa ovyo.

Nilibadilisha adapta, nikaunganisha graundi zote, nikarudi kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli kununua chipu ya kupandisha ishara kutoka volti 3.3 hadi 5. Chipu hiyo msiitoe, ni nzuri, lakini haikuponya.

Tatizo lilikuwa saa ya SPI, yaani mapigo yanayopanga kasi ya kutuma data. Inafuata masafa ya bodi (kasi ya mapigo yake, kwa MHz), na Pi 4 huyashusha ikikosa kazi. Taa hizi hazina waya wa saa: kila biti ina maikrosekunde 1.25 tu, na mpigo ukirefuka, 0 inasomwa kama 1. Nikaongeza kwenye config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, mistari ya kuyazuia masafa yasishuke:

core_freq=500
core_freq_min=500

Kisha nikawasha upya. Mstari wa pili ndio uliokuwa umenipita. Bila huo masafa bado yanashuka. Wenye Pi 3, andikeni core_freq=250.

Tangu Jumamosi, nyekundu ni nyekundu hadi saluni inafungwa.